UZI: Steringi wa drama zetu ndogo, nani ameigiza na nani amelia tu

Mwenye uzi (Nakuru)

Wadau hamjambo. Hii maneno imenikaa kwa roho karibu mwezi mzima na leo mvua imefukuza wateja, kwa hivyo wacha niimwage hapa yote. Ni ndefu, kama uko na haraka rudi jioni.

Mimi ni msusi. Niko na saluni ndogo upande wa Free Area, viti vinne, drai mbili, na tivii moja imening'inia juu ya kioo. Mtu akikuja kusukwa rasta zile nyembamba anakaa hapo saa tano, saa sita, kwa hivyo tivii haizimwi. Kitambo tulikuwa tunaweka sopu za Mexico, halafu mwaka jana nikaamua Jumatano ni ya drama za hapa kwetu, zile muvi ndogo za pesa kidogo, hakuna helikopta, hakuna gari inalipuka, ni mtu mmoja tu na shida yake kwa saa moja na nusu. Zingine nimeziona mara saba, vipande vipande, na kwa sababu drai ikiwaka husikii kitu, nusu ya hizo mara nimeziangalia bila sauti. Hapo ndio nimejifunza kupima steringi, yule mwigizaji mkuu. Muziki umekufa, maneno yamekufa, bado unamwelewa? Kama unamwelewa, huyo ameigiza. Kama unaona tu mdomo umefunguka na machozi yanatiririka na hujui ni ya nini, huyo amelia tu.

Nasema hivi ju nimechoka kusoma watu wakisifu steringi ati alilia vizuri. Watu wenye uchungu kweli mimi nawashika kichwa kila siku na hawalii. Wanakaza shingo. Unageuza kichwa kidogo ushike mstari wa nyuma, shingo inakataa kufuata mkono, na hapo unajua leo huyu ametoka na kitu nyumbani. Mwigizaji akinionyesha hiyo shingo mimi nimemwamini, hata kama skripti ni mbovu.

Naanza na ile kila mtu anajua, Nairobi Half Life ya 2012, dairekta David Tosh Gitonga. Joseph Wairimu ndio Mwas, kijana wa kijijini anauza muvi huku akiziigizia wateja, anaenda Nairobi kutafuta uigizaji na siku ya kwanza tu anaporwa kila kitu. Huyo kijana alipewa zawadi ya mwigizaji bora kwa tamasha la Durban mwaka huo huo, na hiyo muvi ndio ya kwanza Kenya kupeleka Oscars. Sasa iangalie bila sauti. Mwanzo anatembea kifua mbele, mikono inaruka ruka, anasalimia mpaka ukuta. Ikifika sini ya seli, pale anafanyishwa usafi wa choo, mikono bado inaruka lakini macho yameanza kuhesabu watu. Na mwisho, akitoka kwa hiyo damu yote kupanda jukwaani, mikono imetulia kabisa. Hakuna mtu amesema "Mwas amebadilika", mabega ndio yamesema.

Makosa iko nayo. Wanawake wa hiyo muvi wameachwa kama mapazia, wako hapo ili kijana apate mtu wa kumtazama. Na polisi ni wabaya mpaka hawana sura. Lakini steringi aliibeba.

Mdau wa Kondele

Omera umeongea. Lakini kwa nini Nairobi, Nairobi kila siku? Sisi huku Kisumu tuko na yetu. Bangarang ya Robin Odongo, ya 2021. Steringi ni David Weda, anaigiza Otile, jamaa amesoma uinjinia akamaliza, miaka inapita hakuna kazi, sasa anaendesha boda. Uchaguzi unabishaniwa, fujo inaanza, anakuwa mbele mbele, halafu anajikuta anasingiziwa kifo cha mtoto mchanga. Mtu yeyote alikuwa hapa Agosti 2017 anajua hiyo hadithi imetoka wapi, ju mtoto wa miezi sita alipigwa ndani ya nyumba pale Nyalenda akafa. Mimi ni mtu wa boda, stage yangu iko hapa karibu na roundabout, na nakwambia kitu kimoja tu kuhusu Weda. Alivyokaa kwa pikipiki. Waigizaji wengi ukiwapea pikipiki wanakaa kama wamepanda punda wa harusi, wanashika usukani na mikono yote kama itatoroka. Otile anakaa akiegemea tangi, mguu mmoja chini, macho kwa barabara inapotoka abiria na masikio kwa story za wenzake. Hivyo ndio tunakaa. Hiyo huwezi fundishwa kwa darasa.

Chenye mimi sikupenda ni kwamba muvi inataka kusema kila kitu, kazi, kura, polisi, ndoa, na steringi anakatwa katwa. Unaanza kuingia ndani ya roho yake, wanakutoa wanakupeleka kwa mkutano.

Mwenye uzi

Hiyo ya mguu mmoja chini nitaiangalia tena Jumatano, asante ndugu. Na hiyo ya kutaka kusema kila kitu ni ugonjwa wa drama zetu nyingi. Nadhani ni kwa sababu mtu akishapata pesa ya kutengeneza muvi moja hajui kama atapata ya pili, kwa hivyo anaingiza nchi nzima ndani ya hiyo moja. Namwelewa, lakini anayeumia ni steringi.

Wacha nilete ile iliyofanya niandike.

Something Necessary, 2013, dairekta Judy Kibinge. Steringi ni Susan Wanjiru, anaigiza Anne, mama amebaki bila bwana baada ya vurugu za uchaguzi za 2007 na 2008, shamba lao limeharibiwa, na yeye anataka kulirudisha kama lilivyokuwa. Upande wa pili kuna kijana, Joseph, Walter Lagat ndio amemwigiza, alikuwa kwa genge lililowavamia. Muvi inawafuata wawili hao.

Niliiweka Jumatano moja bila kufikiria sana. Kitini kulikuwa na mteja wangu wa miaka mingi, mama mkubwa kwangu kidogo, tulikuwa tumemaliza nusu ya kichwa. Mimi sikujua, au nilijua nikasahau, kwamba 2008 alilala Showground hapa Nakuru na watoto. Zaidi ya watu 1,100 walikufa kwa hizo wiki nchini, na hapa Showground palijaa hema, hiyo kila mtu wa Nakuru anakumbuka, lakini kukumbuka ni kitu kimoja na kuwa na mtu wa hema kwa kiti chako ni kingine. Alikuwa ameshika kitana changu, ananipea nikihitaji kugawa nywele. Anne akaanza kuzunguka ile nyumba yake iliyochomwa. Drai ilikuwa inawaka, hakuna sauti. Nikanyoosha mkono nichukue kitana, hakunipea. Nikaskia tu tak, tak. Meno mawili ya kitana yamevunjika kwa mkono wake na hata hajui. Akasema polepole, "Huyu haigizi." Kisha akaniambia nizime. Nikazima. Tukamaliza kichwa kimya kimya, akalipa, akaenda.

Nimefikiria Susan Wanjiru alifanya nini hapo. Hakuanguka chini. Hakushika kichwa na mikono miwili kama kwa muvi zetu zile zingine. Anatembea kama mtu anahesabu vitu. Mtu aliyepoteza nyumba haanzi na kulia, anaanza na kuangalia ni nini kimebaki. Aliyeandika kwamba ule uigizaji ni "baridi", nimeona hiyo maneno mahali, mimi nampinga kabisa. Hakukuwa na baridi hapo, kulikuwa na shingo imekazwa.

Mdau wa Kakamega

Mulembe dada. Hiyo ya kitana imenifanya nikae chini. Lakini nitakupinga kidogo kwa hiyo sheria yako ya bila sauti. Sauti ni nusu ya mtu. Mimi ni mwalimu, nimepeleka watoto kwa drama za shule miaka mingi, na ninajua mtoto anaweza kuwa na mwili mzuri jukwaani lakini akifungua mdomo inatoka sauti ya kukariri, kila kitu kinakufa. Chukua The First Grader ya 2010. Oliver Litondo anaigiza Kimani Maruge, yule mzee aliyeingia darasa la kwanza kule Eldoret 2004 akiwa na miaka 84. Huyo mzee Litondo bila sauti ni moto, ile soksi imevutwa mpaka gotini, ile kaptura ya shule, vile anashika penseli kama jembe. Ukiweka sauti, mzee wa Mau Mau anaongea Kiingereza sehemu kubwa ya muvi, mpaka na watu ambao hangewahi kuongea nao Kiingereza. Hilo si kosa la Litondo, ni ya Waingereza ile muvi, na ilitengenezwa iuzwe huko. Lakini mimi kama mtazamaji napoteza mtu kila akiongea. Kwa hivyo tukisema steringi amefaulu lazima tuulize alipewa lugha gani.

Halafu kuna Lusala, 2019, dairekta Mugambi Nthiga, steringi Brian Ogola. Kijana aliyetolewa kwa baba mkali akalelewa na familia ya pesa Nairobi, sasa ni mkubwa anatakiwa kujitegemea, na ya utotoni yanamrudia. Huyo ndio amefaulu pande zote mbili. Sauti yake ni ya mtu anayeomba ruhusa hata akisema jina lake. Na Lusala ni jina la kwetu, kwa hivyo nilikaa nikitarajia watabomoa. Hawakubomoa. Shida yangu ni robo ya mwisho, muvi inakimbia. Ogola amejenga mtu pole pole, halafu ghafla mambo yanarundikana, unatamani wangempea dakika kumi zaidi.

Mwenye uzi

Mwalimu nimekubali, ya lugha umenishika. Hata mimi nimeona mteja akiskia steringi wa kijijini akiongea Kiingereza cha tangazo la benki anaguna anarudi kwa simu yake. Lakini bado naweka bila sauti kwanza, kisha na sauti. Bila sauti unajua kama kuna mtu, na sauti unajua kama wamemwacha aishi.

Kuhusu Lusala kukimbia, tukumbuke hizi muvi zinatoka wapi. Lusala, Kati Kati, Supa Modo, Something Necessary, Nairobi Half Life, Veve, Soul Boy, zote zimepitia ule mpango wa One Fine Day wa Tom Tykwer na Marie Steinmann kutoka Ujerumani na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi. Ni warsha pia. Vijana wetu wanafundishwa kamera, sauti, taa, uhariri, huku wanatengeneza muvi yenyewe. Ni kitu kizuri, bila hiyo mngekuwa mnaongelea nini hapa. Lakini ukiangalia unaweza kuhisi mkono wa darasa mahali, pale muvi inakuwa nadhifu sana na steringi anakosa nafasi ya kupumua.

Mtu ameniuliza kwa inbox kuhusu Rafiki, ile muvi ilipigwa marufuku hapa Kenya, korti ikaruhusu ionyeshwe siku saba pekee Septemba 2018. Samantha Mugatsia alipewa mwigizaji bora wa kike kwa tamasha la FESPACO 2019 kule Burkina Faso na mimi naona alistahili, hata kwa kusimama tu, vile anasimama kama mtu yuko tayari kuondoka. Hiyo nitaachia hapo.

Mdau wa Kitale

Mko na Nawi au mmesahau sisi watu wa juu? Ya 2024, hadithi ya Turkana, msichana amepasi mtihani vizuri na nyumbani anapangiwa kuolewa. Steringi ni Michelle Lemuya Ikeny, msichana wa huko huko, hajawahi kuigiza muvi kabla, na akapewa zawadi ya chipukizi kwa AMAA, zile zawadi za muvi za Afrika, mwaka huo. Kenya ikaipeleka Oscars. Madairekta ni wanne na unaona mahali wanne walivutana, kuna sini za mafunzo kama za enjio. Lakini uso wa huyo mtoto hauhitaji mafunzo. Pale wakubwa wanaongea juu yake akiwa hapo hapo, anaangalia kila mmoja akianza kuongea kama anayefuata mpira. Anajua wanamuuza na anataka kujua bei.

Mwenye uzi

Hapo kwa "anataka kujua bei" nimeganda. Jumatano hiyo.

Sasa mimi nataka niende kwa kitu kingine, hii ya steringi hafi. Tumekua tukisema hivyo kwa vidio, si ndio? Jengo lilipuke, risasi elfu, steringi hafi. Watoto wa mtaa wetu walikuwa wanawekeana dau. Na nadhani hiyo imetuharibia macho kidogo, tunamwangalia steringi kama mtu wa kushinda.

Supa Modo, 2018, dairekta Likarion Wainaina. Jo ni mtoto wa miaka tisa, mgonjwa, ametolewa hospitali akae nyumbani kwa sababu hakuna la kufanya tena. Anapenda muvi za mashujaa. Dada yake na kijiji kizima wanamfanya aamini ana nguvu za ajabu. Unajua kutoka dakika ya kumi steringi huyu hatashinda. Stycie Waweru ndio Jo, na kile alifanya sijaona mtu mzima akifanya: hakuigiza ugonjwa. Anaigiza mtoto anayetaka kucheza na mwili unamchelewesha. Kuna vile anakimbia halafu anasimama, si kwa kuchoka ya kuonyeshwa, ni kama amesahau kitu. Saluni nzima ilinyamaza. Marrianne Nungo ndio mama, na yeye pia shingo imekazwa muvi yote, yeye hataki huo mchezo wa nguvu za ajabu, na mwanzoni wateja walimchukia, mpaka mmoja akasema "lakini ni yeye atabaki".

Mkosoaji mmoja mtandaoni aliita hiyo muvi tamu kupita kiasi. Kwa muziki nakubali, unasukuma machozi. Ndio nasema zima sauti. Ukizima, utamu wote unatoka, anabaki mtoto na mama.

Halafu Kati Kati, 2016, ya Mbithi Masya. Hapa steringi amekufa kabla muvi ianze! Kaleche, Nyokabi Gethaiga, anatokea porini na nguo ya hospitali, anafika kama lodge hivi, watu wanamkaribisha, na anaambiwa wote hapo wameshakufa. Tamasha la Toronto waliipea zawadi ya wakosoaji, ile ya FIPRESCI. Mimi maoni yangu hapa si ya watu wengi. Naona Gethaiga ni mzuri dakika ishirini za kwanza, ile butwaa, vile anashika ile nguo nyuma isifunguke. Baadaye anageuka kuwa mtu wa kuuliza maswali ili wengine wasimulie yao. Muvi inachukuliwa na Elsaphan Njora, yule Thoma, anayetabasamu kama mwenye hoteli huku kuna kitu kinamla. Kwa hivyo steringi kwa karatasi ni mmoja na steringi kwa macho ni mwingine. Nitakubali kupingwa.

Mdau wa Kondele

Nakupinga sai. Kaleche lazima aulize, yeye ndio sisi, hakumbuki kitu. Mtu asiye na kumbukumbu utampea mabega gani? Gethaiga alifanya kazi ngumu kuliko Thoma, Thoma ana siri ya kushika, yeye hana hata hiyo.

Mdau wa Kakamega

Hapo niko na Kondele. Na hii mambo yenu ya mabega imenikumbusha Moonlight ya Wamarekani, 2016, Barry Jenkins, ya pesa kidogo kwa hesabu zao, na ikachukua Oscar ya muvi bora. Waigizaji watatu wanaigiza mtu mmoja, Chiron, akiwa mtoto, kijana na mtu mzima: Alex Hibbert, Ashton Sanders, Trevante Rhodes. Dairekta hakutaka wakutane wakati wa kushuti ili wasiigane. Wa tatu ana misuli, meno ya dhahabu, hafanani na wa kwanza hata kidogo, lakini akikaa mezani akaangalia chini unamwona yule mtoto. Dada, iweke bila sauti uniambie. Nimewahi kuonyesha hiyo sini ya mezani kwa watoto wangu wa drama, nikawaambia hapa mtu amekula chakula tu, ni nini mmejua juu yake? Wakaongea kipindi kizima na zaidi, kengele ikalia hawajamaliza.

Mwenye uzi

Kondele nimeskia. Hiyo ya "hana hata siri ya kushika" nimeirudia mara tatu, nitaiangalia Kati Kati tena nikiwa na hiyo akilini, labda nilikuwa namdai Kaleche kitu muvi yenyewe ilimnyima. Mwalimu, Moonlight nitatafuta.

Mwenye uzi (siku tisa baadaye)

Naongeza hii hapa ju watu wawili wameuliza kuhusu yule mama.

Alirudi jana. Nywele hazikuwa zimeharibika, wiki chache haziwezi. Akasema nimkaze tu za mbele. Kulikuwa na mteja mwingine kwa drai na msichana wangu mmoja anaosha. Akakaa, akaangalia tivii, ilikuwa habari. Akasema, "Ile ya yule mama iko?" Nikamwambia iko. Nikamuuliza kama ana uhakika, hakunijibu, akaweka mkoba chini ya kiti.

Nikaiweka. Tukafika pale pale, Anne anazunguka nyumba, na drai inanguruma nyuma yetu. Akaniambia, "Sitaki ya mdomo tu leo, nataka kuskia." Mteja wa drai alisikia, alikuwa bado dakika kumi na tano, akainua ile kofia mwenyewe akazima, akageuza kiti na rola zake kichwani. Msichana wangu akafunga maji.

Tuliangalia mpaka mwisho, wanne. Sikusuka kitu. Ilipoisha aliniambia nirudishe nyuma, pale Anne anaingia kwa kiwanja mara ya kwanza, tukaiona tena, kisha tena. Mara ya tatu akanyoosha kidole kwa skrini, kwa miguu ya Susan Wanjiru, akasema, "Ona, anakanyaga pale mlango ulikuwa."